Somo la fasihi lililonifundisha kumsikia mzee aliyekuwa akiumia kimyakimya huku Minnesota

Wakuu, amani iwe kwenu. Mlioko kazini muda huu poleni na majukumu.

Mimi humu jukwaani ni msomaji kuliko mwandishi. Leo nimeandika kwa sababu nina shukrani imenikaa kifuani tangu majira ya baridi yaliyopita, na nikiendelea kukaa nayo peke yangu naona kama nawadhulumu watu walionisaidia.

Nitakayoeleza yalinikuta mwenyewe. Majina nimebadilisha, kazi yangu ina sheria kali kuhusu habari za wagonjwa. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Niiteni Tumaini. Ni mama wa watoto wawili, Mtanzania wa Singida, naishi Brooklyn Park. Kwa msiopajua, huku ukiingia duka la vyakula unaweza kusalimiwa kwa Kiswahili kabla hujafika kwenye nyanya. Wakenya wamejaa, Wakongo wapo, sisi Wabongo ni wa kutafutana.

Nahudumia wazee. Siyo hospitali, ni nyumba ya kawaida kule Champlin, karibu na mto, wanaishi wazee wachache na sisi tunapokezana shift. Kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia, na kupiga nao stori.

Siku zote nilitaka kusomea unesi. Sasa huku kabla hujapokelewa kwenye nursing program lazima umalize masomo kadhaa ya chuo, na mojawapo ni English composition. Anatomia niliimaliza vizuri. Hili la Kiingereza nikajua ni mteremko, si naongea kila siku?

Wakuu, sikuwa najua naingia wapi.

Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja anaitwa Janet. Nywele nyeupe fupi, sauti ya chini, amezaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa huko magharibi mwa jimbo. Siku ya kwanza akatuambia hataki tumwambie mwandishi anasema nini. Anataka tumwambie mwandishi anafanya nini.

Nikaandika hiyo sentensi, sikuielewa hata kidogo.

Kazi ya kwanza tukapewa makala fupi. Mwandishi anaushukuru mji wake kwa mashimo ya barabarani. Anasema mashimo yamemfundisha subira, watoto wa mtaani wamejifunza kuogelea humo, na fundi wake wa magari sasa ni kama ndugu wa damu.

Mimi nikakaa chini nikaandika kurasa mbili safi kabisa. Nikaeleza kwamba mwandishi ni mtu mwenye moyo wa shukrani, anaona jema katika kila hali, na sote tuige mfano wake.

Mnacheka. Endeleeni, hata mimi siku hizi nacheka.

Janet akaniambia nibaki kidogo baada ya kipindi. Akaniuliza, "Tumaini, unafikiri huyu mtu anayapenda mashimo?"

"Ndiyo, ameandika mwenyewe."

Hakunicheka. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Nyumbani kwenu, mtu mzima akikukuta bado umelala na jua limeshapanda, anakuambiaje?"

Nikamkumbuka marehemu baba. Nikamwambia, "Baba angesimama mlangoni aseme, samahani mheshimiwa, naona tumekuvurugia usingizi."

"Alikuwa anakuomba samahani?"

Hapo ndipo nilipoangua kicheko. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Kumbe ni kinaya. Na mimi kinaya nakijua! Sekondari tulisoma tamathali za semi zote: tashbiha, sitiari, takriri, tafsida, mubalagha, kinaya. Ila nilizikariri kama namba za simu ili nijibu mtihani. Hakuna siku mtu aliniambia kwamba baba yangu alikuwa anazitumia kila asubuhi mlangoni pangu.

Kuanzia siku hiyo darasa likawa tamu. Nikawa nasikiliza watu kwa sikio lingine kabisa. Mchungaji akirudia neno mara tatu kwenye mahubiri, mimi najisemea takriri hiyo. Mwanangu akiniambia kwa Kiingereza chake "wow mom, great parking", najua nimepaki vibaya.

Ngoja nikatoe nguo kwenye dryer, narudi.

Haya, tuendelee.

Katikati ya muhula tukafika kwenye kitu wanaita litotes. Kwa Kiswahili shuleni sikumbuki kama tulifundishwa. Jirani yangu darasani, kaka mmoja Mkongo wa Bukavu anaitwa Josué, akaninong'oneza, "Dada, hiyo sisi kwa Kifaransa tuliita litote. Unasema kidogo, unamaanisha mingi."

Ni hivyo hivyo. Sisi kwetu tumezoea kutia chumvi. Njaa ikiuma tunasema nimekufa na njaa. Litotes ni kinyume chake, ni kutoa chumvi. Kitu ni kikubwa, wewe unakisema kwa udogo. Chakula ni kitamu sana, unasema si kibaya.

Janet akatupa mfano wa kwao. Utotoni mwake zizi lao kubwa la ng'ombe liliungua likaisha. Majirani wakaja kutoa pole. Baba yake akatazama majivu, akasema, "Basi, mwaka huu hatutalipaka rangi."

Darasa likacheka. Janet akasubiri tumalize, akasema usiku ule alimsikia baba yake akilia jikoni.

Akatueleza kwamba watu wanapunguza maneno kwa sababu mbalimbali. Wengine ni adabu, wengine ni majivuno ya chinichini, na wengine wakisema jambo kwa ukubwa wake watavunjika. Kisha akasema kitu ambacho nilikipigia mstari: ukitaka kujua mtu amepunguza kiasi gani, usiende kwenye kamusi, mjue kwanza huyo mtu. Siku za kawaida anasemaje? Ukishajua hapo ndipo utapima.

Kazi ya nyumbani ikawa kwenda kutafuta mfano mmoja tuliousikia wenyewe kwa mtu halisi.

Mimi sikuhangaika. Nilikuwa na mzee Arvid.

Arvid amepita themanini. Mrefu, mwembamba, suruali yake inashikiliwa na mikanda ya mabegani. Maisha yake yote ya kazi aliendesha yale magari makubwa ya kusukuma theluji barabarani. Ni Mminnesota mpaka kwenye mifupa.

Siku zile za baridi ambayo ukivuta pumzi nywele za puani zinaganda, yeye anachungulia dirishani anasema "kind of brisk", yaani kuna kaubaridi. Ukimuuliza hali, jibu ni "can't complain", yaani sina la kulalamika. Mara moja moja "not too bad", si mbaya sana. Basi.

Kuna wakati alianguka bafuni akavunjika kifundo cha mkono. Mkono umepinda kabisa, macho yangu yanaona. Namuuliza unajisikiaje, ananiambia "not too bad". Nikadhani ameumia kichwa.

Basi wiki ile ya kazi ya nyumbani nilikuwa namfutia vumbi kabatini, kuna picha ya mkewe marehemu. Nikamuuliza alikuwa mke wa namna gani. Akaichukua, akaitazama muda mrefu. Akairudisha mahali pake, akainyoosha ikae sawa.

Akasema, "She wasn't bad company."

Kwamba hakuwa mtu mbaya wa kukaa naye. Basi, ni hayo tu. Lakini siku nzima hakuwasha televisheni.

Nilipoipeleka darasani Janet akaiandika ubaoni. Hakuna aliyecheka. Janet akasema, "Hili ni shairi la mapenzi, ila mwenyewe hatakubali."

Sasa ndiyo tunafika kwenye kilichonifanya niandike.

Ilikuwa Jumapili. Nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja kazini kupokea shift ya mchana. Mwenzangu akaniambia kila kitu kiko salama, isipokuwa Arvid hakumaliza chakula.

Nikamkuta amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kwenye televisheni kuna mpira wao, ule wa kofia ngumu, lakini ameuzima sauti. Kahawa iko pembeni, imepoa, haijaguswa.

Nikamuuliza, "Arvid, unajisikiaje leo?"

Akajibu, "Oh, I've been better."

Yaani, kuna siku nilikuwa na nafuu kuliko leo.

Nikasimama. Muda wote niliomhudumia, huyu mtu hajawahi kutamka maneno hayo. Hata siku ya mkono uliopinda hakuyatamka.

Nikamuuliza maumivu yako wapi, akasema ni gesi tu tumboni. Huku tunawauliza wapime maumivu kuanzia sifuri mpaka kumi. Akasema, "Two, maybe." Nikampima, homa hakuna, presha ya kawaida, mapigo yamepanda kidogo kuliko siku zote.

Nikampigia nesi wa zamu kwa simu. Ni Mkenya, anaitwa Wanjiku, dada mchapakazi kwelikweli. Siku za wikendi yeye peke yake anapokea simu za nyumba kadhaa.

Nikamwambia, "Dada, Arvid tumbo linamsumbua kidogo. Anasema maumivu ni mbili."

Akauliza, "Ako na fever? BP iko aje? Ametapika?"

Nikampa majibu.

"Sawa. Hapo bado sioni emergency. M-monitor, after kama lisaa limoja uni-call unishow iko aje."

Na nataka mnielewe hapa, wakuu. Wanjiku hakukosea. Kwa maneno niliyompa, nesi yeyote angejibu hivyo. Mimi ndiye niliyempelekea maneno ya Arvid yakiwa bado yametolewa chumvi.

Nikarudi chumbani. Mzee amejikunja kidogo, mkono ameubana chini ya tumbo upande mmoja. Nikamuomba nimtazame, akasema hakuna haja ya kufanya makubwa. Nikakaa karibu yake.

Baada ya muda akasema, "Huenda chakula cha jioni nikakiruka."

Nikamwambia sawa.

Kisha, bila kunitazama, akasema, "Ukipata nafasi, mpigie Beth. Hakuna haraka."

Beth ni binti yake, anakaa Richfield. Huyu mzee ndiye anayetukataza kila mara tusimsumbue Beth. Mkono ulipovunjika alitaka tusimwambie mpaka atoke hospitali.

Nikasikia sauti ya Janet kama yuko mle chumbani: siku za kawaida anasemaje?

Huyu angekuwa mzee wa kwetu, wakati ule angekuwa sakafuni anamwita mama yake aliyekufa zamani, na mtaa mzima umeshajaa. Arvid alikuwa anapiga kelele ile ile. Ila kelele zake zilikuwa zinasema hakuna haraka.

Nikatoka hadi jikoni nikapiga simu tena. Safari hii sikutaka kukurupuka. Janet alitufundisha kwamba ukitaka mtu akuamini, usianze na hukumu yako, mwekee mbele vitu anavyoweza kuviona mwenyewe, na uanze na kile ambacho tayari anakijua.

Nikamwambia, "Wanjiku, naomba dakika moja unisikilize. Unakumbuka Arvid alipovunjika mkono?"

"Nakumbuka."

"Siku ile alisema not too bad. Leo anasema I've been better. Kahawa hajagusa. Mpira ameuzima sauti. Chakula cha jioni hataki. Na ameniomba nimpigie Beth. Dada, amenipa namba mbili, lakini mbili ya huyu mzee ni tisa yangu mimi na wewe."

Kisha Wanjiku akauliza polepole, "Yeye mwenyewe ndiye amesema upigie Beth?"

"Mwenyewe."

"Call 911 saa hii. Usimpatie kitu yoyote kwa mdomo. Mimi napigia daktari."

Ambulance ikaja. Kijana wa huduma ya kwanza akapiga goti mbele ya kiti, akauliza maumivu ni ngapi. Mzee akajibu mbili.

Nikamwambia yule kijana, "Tafadhali, usiiandike hiyo kabla hujamshika tumbo."

Akamshika pale chini. Arvid akawa mweupe kama karatasi, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akasema, "Hapo pana maumivu kidogo."

Yule kijana akanitazama. Akasema, "Babu yangu naye yuko hivi hivi." Wakamtoa haraka.

Ilikuwa ngiri, wakuu. Kipande cha utumbo kilikuwa kimepenya na kunaswa, damu haipiti tena. Alikuwa na kauvimbe tangu zamani, na kwa kuwa anapenda kuoga na kuvaa mwenyewe, hakuna aliyewahi kukaona. Wakampasua jioni ile ile.

Beth akanipigia kutoka hospitalini. Daktari amemwambia kwamba wangesubiri mpaka kesho yake, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Akaanza kunishukuru, maneno yakamkataa, akalia. Tukakaa hivyo kwenye simu, yeye analia na mimi nalia, hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Nilipofika nyumbani sikushuka kwenye gari mara moja. Nilikaa pale parking na heater inawaka, nikamshukuru Mungu. Nikamshukuru kwa ajili ya Wanjiku, ambaye angeweza kuniambia nisimfundishe kazi, naye akanisikiliza. Nikamshukuru kwa ajili ya makala ile ya mashimo ambayo ilinipa alama mbaya kuliko zote nilizowahi kupata.

Kipindi kilichofuata nikamfuata Janet mezani kwake, nikamsimulia yote. Alivua miwani akaiweka chini.

Kisha akaniambia kwamba baba yake, yule wa zizi, siku ya mwisho ya maisha yake aliwaambia amechoka kidogo. Wakamwacha apumzike.

"Nilianza kufundisha somo hili mwaka uliofuata," akasema.

Nikamshika mkono. Akaniuliza kama anaweza kuwasimulia wanafunzi wake wengine habari ya Arvid bila kumtaja jina, nikamwambia awasimulie.

Arvid alirudi baada ya wiki kadhaa, amekonda lakini macho yana uhai. Nilikuwa namsaidia kuvaa soksi akasema, "Nasikia ulipiga simu."

"Nilipiga."

Akatazama dirishani. "Haikuwa wazo baya kuliko yote duniani."

Nikainamia ile soksi ili asinione machozi. Nimeishi huku muda sasa, nimewahi kupewa cheti cha mfanyakazi bora na keki juu. Hakuna kilichonigusa kama ile sentensi.

Somo nililifaulu. Nursing program wamenipokea, naanza muhula ujao. Josué naye alifaulu, tunamshukuru Mungu.

Nimalizie na jambo moja ambalo ndilo hasa limenifanya nisilale na hii habari.

Baada ya hayo yote, Jumamosi moja asubuhi nikampigia mama yangu Singida kwa video kama ilivyo kawaida yetu. Kwao ni jioni. Mama ni fundi cherehani, anakaa peke yake, kaka yangu yuko mjini. Nikamuuliza habari.

Akasema, "Tupo tu mwanangu, tunaendelea."

Kila wiki ananijibu hivyo, na kila wiki nilikuwa nasema asante Mungu, tunahamia habari za wajukuu. Siku hiyo nikamuuliza, "Mama, unaendelea na nini?"

Akacheka. Nikamsubiri. Kicheko kikaisha.

"Siku hizi sindano inanisumbua kidogo," akasema. "Uzi hauingii."

"Tangu lini?"

"Ah, si tangu zamani sana. Namuomba mtoto wa jirani anitungie."

Siku ile ile nikampigia kaka. Akampeleka kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakamfanyia upasuaji jicho la kwanza, baadaye la pili, yakaenda vizuri.

Alipotolewa bandeji ya mwisho akanipigia yeye, kwa video. Akanitazama tu, haongei. Nikadhani mtandao umekwama.

Kisha akasema, "Kumbe umenenepa hivyo. Na hizo mvi zimeanza lini?"

Wakuu, muda wote ule wa kuongea naye kwenye video, mama yangu alikuwa anaongea na kivuli. Na alikuwa ananiambia. Alikuwa ananiambia kila wiki.

Kwa hiyo nilichojifunza ni hiki: hizi mbinu za lugha tulizozikariri shuleni zimo midomoni mwa watu tunaowapenda, na wanazitumia zaidi pale wanapoumia. Kama una mwalimu aliyekufundisha kusikiliza, mtafute umshukuru angali hai.

Nanyi nipeni za kwenu. Mzazi wako akiwa na shida kweli na hataki kukusumbua, hutumia neno gani? Liandike hapa chini. Na ukishaliandika, mpigie.